Kurasa Zilizofungia Njugu

Kemunto,

Salamu sikuletei. Tangu Jumatatu tunakula ugali wa sufuria moja na hujanisalimu, na mimi sikukulazimisha. Sasa nikuandikie "hujambo mwanangu" na uko chumba cha pili unakunja nguo? Tutachekana.

Kesho alfajiri unaondoka kwenda Nairobi kusomea uhandisi. Habari ya blanketi, na ni nani atakupokea, na usile vya barabarani, mama yako amekwambia mpaka sauti imemkauka, nami sitaongeza hata neno. Mimi ninataka tuzungumze juu ya lile sanduku la vitabu nililolitoa hapa nyumbani Jumatatu. Naogopa, Kemunto. Naogopa uondoke ukiwa umeninyamazia hivi, maana nakujua. Wewe ukinyamaza, umenyamaza. Hiyo tabia umeitoa kwangu, wala usimsingizie mama yako.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa Ekegusii yetu haya hayatoki. Nikianza tu, ensoni inanishika koo, ile haya yetu ya mzazi na mtoto aliyekomaa, ya kwamba kuna maneno ambayo baba na binti hawayasemi wakiwa wameketi pamoja. Kiswahili ni cha shule na cha mjini, kinanipa nafasi ya kupumua kidogo.

Ilikuwa hivi. Jumatatu asubuhi nilikuwa napanga mizigo yako sebuleni nione kama itatosha kwenye gari. Nikainua sanduku la kadibodi, zito kama limejaa nondo. Nikasema huyu mtoto anabeba mawe? Nikafungua. Kitabu cha juu kilikuwa na picha ya mwanamume bila shati amemshika mwanamke kiunoni, na mwanamke mwenyewe amefunga macho. Cha chini yake, hivyo hivyo. Kumi na moja kwa jumla.

Baba wa kabila lingine pengine angekuita, akakuuliza, "Kemunto, hivi ni vya nani?" Mkaongea, mkagombana, yakaisha. Mimi ningekuulizaje, na ile picha iko mkononi mwangu? Ningeanza na neno gani? Nilifunga sanduku haraka kama mwizi, nikalipakia kwenye pikapu pamoja na magazeti ya zamani ya stoo, nikaenda sokoni Daraja Mbili. Pale upande wa ndizi kuna mama anauza njugu, huwa anatafuta karatasi za kufungia. Nikampa zote. Akanishukuru sana, akaniongeza njugu. Nikazila njiani nikirudi, nikijiona baba wa maana, kwamba nimemtoa mwanangu kwenye balaa kabla hajafika chuoni.

Jioni ukatafuta sanduku. Nikakwambia nimelipeleka sokoni, mwanafunzi wa uhandisi hana saa ya upuuzi. Ukanitazama, ukasema, "Tata, hujui ulichofanya." Na hilo ndilo neno la mwisho nimelisikia kutoka kwako.

Kweli sikujua. Niliona tu siku ya pili kwamba na Sokoro naye, babu yako, amebadilika. Nilipita kwake nikitoka kiwanda cha chai kama kawaida, hakuniuliza kama boila imewaka vizuri, hakuniuliza majani yamekuja kilo ngapi. Alikuwa ameketi barazani ameelekeza uso ukutani. Nikasema ni hayo macho yake, mtoto wa jicho amezidi. Jumatano ndipo mama yako alipochoka na mimi. Alikuwa anachambua mboga za chinsaga, hakuinua hata kichwa.

"Baba Kemunto, vile vitabu havikuwa vya mtoto."

"Vya nani?"

"Vya mzee. Mtoto humsomea tu."

Nikasimama pale kama nguzo ya stima. Miaka minne! Miaka minne kila saa kumi jioni nasikia sauti yako kule barazani kwa babu yako, unasoma, unamweleza kwa Ekegusii, na mimi nikidhani ni Biblia. Haki, Kemunto, nilisimama kanisani, mimi mzee wa kanisa, nikakusifu mbele ya watu kwamba binti yangu anamsomea babu yake Neno. Watu wakasema amina. Mama yako alikuwa ameketi mstari wa mbele na hakusema kitu. Nilipomuuliza mbona alininyamazia, akasema, "Ulikuwa unafurahi sana."

Na ni yeye mzee mwenyewe, kumbe, aliyekuwa akikutuma Daraja Mbili kwenye marundo ya mitumba, akikwambia tafuta kile chenye mwanamke analia kwenye jalada, hicho huwa kizuri. Lo!

Lakini Kemunto, kilichonikata maini si hicho. Nilikuwa tayari najua kwamba baba yangu anapenda hadithi. Nilijua kabla hujazaliwa. Na nilijua ni kwa nini aliacha, kwa sababu ni mimi niliyemwachisha, kwa uongo. Hili sijamwambia mtu, hata mama yako.

Sokoro alisomea ujenzi na uchoraji wa ramani Nairobi, chuo cha ufundi, enzi ambazo mtu wa huku akienda Nairobi alisindikizwa na kijiji kizima. Wanafunzi wenzake walikuwa na vijitabu vidogo vya wapelelezi na wapanda farasi wenye bastola, vinaingia mfuko wa ovaroli. Yeye akapenda vya mapenzi. Wakimcheka, anavificha ndani ya lile bomba refu la kubebea michoro. Mwalimu akimwona amebeba bomba kila mahali alidhani ana bidii. Kiingereza chake, kile chenye adabu nyingi mpaka karani wa wilaya alimwogopa, alikitoa humo, kwa mabwana wanaoomba ruhusa kabla ya kushika mkono wa mtu.

Mimi nilipofika chuo kikuu, sisi tulitaka majasusi. Majasusi, ndege za kivita, mabomu yanayohesabu dakika. Bweni zima la uhandisi na kitabu ni kimoja, kimetoka kwa fulani ambaye mjomba wake yuko ng'ambo. Basi tukafanya kama wahandisi: tukakipasua kwa wembe vipande vitano, tukavifunga kwa kamba ya kiatu, vikazunguka vyumbani. Ukipata kipande cha tatu kwanza, unasoma cha tatu. Nilijua muuaji ni nani kabla sijajua ni nani aliyeuawa. Mpaka leo nikiona kitabu kizima, chenye mwanzo na mwisho mahali pake, naona ni anasa.

Nikija likizo nabeba vile vilivyobaki vizima na kuviweka kwenye saiga yangu, nyumba yangu ya ujana. Unajua mila, baba hakanyagi saiga ya mwanawe. Basi mama yangu anakuja, anasimama mlangoni, anasema, "Nipe kile cha kusoma." Namchagulia. Baada ya siku mbili anakirudisha, anataka kingine. Na marehemu mama yangu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji! Hatukuwahi kusema lolote, mimi na baba yangu, lakini vitabu vilikwenda na vikarudi, na mara nyingine nilikuta majani ya chai makavu katikati, pale alipokuwa amefika. Hayo yalikuwa mazungumzo yetu, na sijawahi kuwa na mengine mazuri hivyo na yeye.

Mwaka wa pili nikaanguka. Lilikuwa somo la joto na mvuke, mambo yale yale ninayokula mkate kwayo leo. Sikulielewa tangu wiki ya tatu. Wenzangu walikuwa wakimfuata mwalimu ofisini wanamuuliza. Mimi nikaona haya. Nilimfanya yule mwalimu kama baba yangu, mtu ambaye huwezi kumkaribia na udhaifu wako. Nikawa nanakili majibu ya wenzangu ya maabara, naitikia kwa kichwa darasani, nacheka wanapocheka. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nilificha mpaka mtihani ukanivua mbele ya watu. Nikaambiwa nirudie mwaka.

Nilipofika nyumbani na barua ile, baba yangu aliuliza swali moja, "Ni nini kilitokea?" Nikamwambia, "Ni vitabu vya hadithi, Tata. Vilinipoteza."

Ukiangalia ni uongo mdogo. Ulikuwa pale karibu, nikauokota. Ni rahisi kuwa kijana aliyepotezwa na starehe kuliko kuwa kijana ambaye hakuelewa na akaogopa kuuliza. Baba yangu alitikisa kichwa tu. Wiki iliyofuata akalitoa sanduku lake, vitabu vyote vya tangu Nairobi, akampa mwalimu mmoja wa Mosocho. Akatangaza kwamba katika boma hili hakitaonekana kitabu cha hadithi mpaka mtoto amalize masomo. Yeye mwenyewe akaacha, ili asinivute. Mama yangu hakuja tena mlangoni kwangu. Nami nikamaliza, nikaajiriwa, nikaoa, na sikurudi kumwambia, "Tata, soma, haikuwa vitabu." Kila mwaka nilisema nitamwambia. Baadaye nikaanza kuamini mwenyewe. Ndiyo maana nilipoona sanduku lako nilikasirika kikweli, kama mtu aliyeumwa na nyoka anapoona kamba. Na nyoka mwenyewe hakuwahi kuwako!

Kwa hiyo nimemnyang'anya mara mbili. Mara ya pili akiwa hawezi hata kuona njia ya kwenda kuvitafuta.

Alhamisi sikwenda kazini. Saa moja asubuhi nilikuwa Daraja Mbili. Mama wa njugu alinikumbuka.

"Mzee, umeleta karatasi ingine?"

"Nimekuja kuchukua zile za juzi."

"Zile? Aii! Si umenipatia mwenyewe? Hizo watu wamekula nazo njugu tangu Jumatatu."

"Nipe zilizobaki."

"Kwani zilikuwa za maana? Mimi niliona picha ya huyo kijana bila shati nikasema hii si ya kanisa."

Nilipiga magoti, Kemunto, na suruali ya kazi, katikati ya ndizi na viatu vya mitumba, nikapekua magunia yake. Nikakuta vitabu vitano vizima. Kile mlichokuwa mnasoma, cha mjane mwenye duka la dawa na yule dereva wa lori, mama yako alinieleza nitakijuaje. Kilikuwa bila jalada, na mwisho wake umechanwa. Nikazunguka soko nikiangalia mikono ya watu. Nikaokota karatasi mbili chini, moja ilikuwa ya mahubiri. Ya pili ilikuwa yenyewe, ukurasa mmoja, una mafuta na chumvi. Nyingine sikuzipata.

Nilikuletea vitabu jioni ile, ukapita kando yangu kama napigia debe gari usilolipanda. Asubuhi yake ukaenda Mosocho kumuaga shangazi yako. Umerudi leo jua likizama, Sabato ikifungwa, na kwa hiyo hujui yaliyotokea jana, Ijumaa. Mama yako nilimwomba asikwambie. Nilitaka uyasikie kwangu.

Saa kumi nilichukua kile kitabu kibovu nikaenda kwa baba yangu.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Tata."

"Kemunto yuko wapi?"

"Mosocho."

Nikavuta kigoda. Nikafungua pale mlipoweka kijiti, nikaanza kusoma. Sikumwomba ruhusa. Nasoma Kiingereza, natafsiri, nasoma, natafsiri, vibaya, najikwaa. Hakugeuka. Baada ya kurasa kama kumi nikaona ameacha kutazama ukuta.

Halafu nikafika pale. Dereva amerudi, mvua inanyesha, wamefunga duka na kuzima taa. Nikasimama kama punda wa mlimani. Nina nywele nyeupe, nina watoto wanne, na mbele yangu ni baba yangu mzazi!

"Umefika wapi?" akauliza.

"Wameingia ndani, Tata."

"Halafu?"

"Halafu... wako ndani."

"Kemunto akifika hapo husema, 'Sokoro, hawa wanasalimiana sana, tuwaache.' Anaruka mpaka asubuhi. Ruka."

Nikaruka mpaka asubuhi. Na nitakwambia ukweli, nililia kidogo hapo, kwa sababu niliona vile mlivyokuwa mnaishi vizuri ninyi wawili, nami hatua arobaini kutoka hapo sijui lolote.

Jua lilikuwa linakimbia. Nilitaka nimalize kabla ya Sabato kuingia. Lakini kitabu, pamoja na ule ukurasa wa chumvi, kikaisha kabla ya jua. Mjane amefika kwenye mizani ya magari, anaulizia lori, na askari anamwambia ngoja nikuonyeshe kitu. Basi. Zaidi ya hapo ni uzi wa gundi tu.

"Endelea."

"Kurasa zimeisha, Tata. Zimefungia njugu sokoni. Ni mimi nilizipeleka."

Nikaona nikikaa na lile lingine nitakaa nalo mpaka nimzike. Nikamwambia. Nikamwambia juu ya somo la mvuke, na mwalimu niliyemwogopa, na majibu niliyonakili, na kwamba hakuna kitabu kilichowahi kunipoteza. Nilisema yote kwa Ekegusii, na kama unadhani ilikuwa rahisi, hujui.

Nilitarajia aseme alijua siku zote. Wazee wa hadithi husema hivyo. Baba yangu hakujua. Alipiga fimbo chini mara moja, nguvu sana, kuku wakaruka.

"Vilikuwa vitabu vizuri," akasema. "Vilikuwa vizuri sana. Na mama yako akafa tukiwa hatuna hata kimoja cha kumsomea."

Kuna makosa ambayo mtu huomba radhi na bado yako pale pale, kama jiwe katikati ya shamba, unalima ukilizunguka. Nikafunga kitabu, nikingoja aniambie niondoke.

"Jua limezama?" akauliza.

"Linazama."

"Basi malizia hadithi."

"Sina kurasa, Tata."

"Una mdomo. Ulipata wa kunidanganyia, utapata wa kunimalizia hadithi."

Nikajaribu. Mimi ambaye sijawahi kutunga kitu isipokuwa ripoti ya mwezi. Nikasema askari alimpeleka mjane kwenye daraja, dereva alikuwa amesimamisha lori kwa sababu nguzo ya daraja ilikuwa na ufa, akawa anapima upana wa ule ufa.

"Huyo dereva amekuwa mhandisi," baba yangu akasema. "Mrudishe barabarani."

Nikamrudisha. Nikamfanya mgonjwa, akakataa. Nikamfanya ameoa kwingine, akasema mwandishi huyu hana roho mbaya hivyo. Jua likazama, Sabato ikaingia, majirani wakaanza nyimbo, nami mzee wa kanisa niko barazani natunga habari za mjane na dereva wa lori. Mama yako alitoka na taa, akatuona, akarudi ndani. Mwisho niliofika ulikuwa mbaya. Mwenyewe alisema ni mbaya. Akasema, "Jumapili uje na mwingine," akaingia kulala bila kuniaga.

Hajanisamehe, Kemunto, nami simlaumu. Lakini amenipa kazi.

Sikushauri sana. Nimeona ninyi mliochaguliwa chuo pamoja mmeshafungua kikundi cha simu. Mama yako alinionyesha. Nilidhani mnaulizana hesabu, kumbe mnaulizana nani amesoma sura mpya ya ile hadithi ya malkia na majini inayotoka kila wiki. Zamani ningekasirika. Sasa nasema someni. Ila siku usipoelewa kitu darasani, na itakuja, mapema kuliko unavyodhani, nenda ukagonge mlango wa mwalimu ukiwa bado unaona haya. Usisubiri haya iishe, haiishi. Na ukianguka, sema umeanguka wapi. Usichague sababu yenye sura nzuri, kwa sababu kuna mtu nyumbani atakuamini, na atalipa.

Sasa ombi langu ni moja. Babu yako hataki simu yangu ya kusomewa na mashine, nilimpendekezea akaniuliza kama nimechoka naye. Anataka sauti yako. Jumapili ya wiki ijayo saa kumi jioni, ukipata nafasi, mpigie. Msomee chochote unachosoma huko, hata hao majini. Simu yake hawezi kuishika vizuri, kwa hiyo ni mimi nitakayeishika karibu na sikio lake, na nitasikia kila kitu. Najua hukutaka nisikie. Ukisema nitoke, nitampa mama yako simu na kwenda kwa ng'ombe, na sitakukasirikia. Lakini ukianza tu kusoma bila kunitaja, bila hata kunisalimu, nitajua ninaweza kukaa.

Ni mimi,
Tata